Kulea Watoto wa Tumbo Moja Wenye Hulka Tofauti: Mwongozo Kamili kwa Mama

Mama mwenye watoto watatu au wanne hahitaji kuambiwa kwamba watoto wa tumbo moja hawafanani, kwa sababu jambo hilo analiona kila alfajiri anapowaamsha: mmoja ameshaamka na anauliza maswali, wa pili anavutwa shuka huku akilia, na wa tatu amekaa kitandani kimya akisubiri aambiwe la kufanya. Kinachomsumbua ni namna ya kuzibeba tofauti hizo bila kuonekana anapendelea, bila kuchoka kupita kiasi, na bila nyumba moja kuwa na sheria tatu kwa watoto watatu. Mwongozo huu unamfikiria mama wa mjini, awe Dar es Salaam, Tanga au Morogoro, mwenye watoto wa kati ya miaka 2 na 12, anayetoka kwenda kazini au kwenye biashara yake na kurudi jioni akiwa na mzigo wa pili wa nyumba unaomsubiri. Msimamo wake ni mmoja: sheria za nyumba ziwe chache na ziwe za wote, lakini njia ya kumfikisha kila mtoto kwenye sheria hizo iwe ya mtoto mwenyewe.

Kwanza, mambo machache kuhusu hulka

Mwaka 1956 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kufuatilia kundi la watoto tangu uchanga wao, na wakaendelea nao hadi utu uzima. Walichokiona ni kwamba watoto hutofautiana tangu miezi ya mwanzo, kabla malezi hayajawa na nafasi kubwa ya kuwafinyanga. Takriban 40 kati ya kila 100 walikuwa wepesi kulea, 10 walikuwa wagumu, wenye hisia kali na wasiopenda mabadiliko, na 15 walikuwa wazito kuzoea, yaani wanaojivuta nyuma mbele ya kila jambo jipya kisha wakalikubali polepole. Waliobaki walikuwa mchanganyiko, hawakuingia katika kundi lolote. Wataalamu hao walisisitiza kwamba hulka peke yake haimharibu mtoto wala haimtengenezi; kinachoamua zaidi ni kama hulka yake inaoana na matakwa ya watu na mazingira anamokulia.

Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hilo limeonekana pia. Katika miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, wakakuta kwamba mtoto mchanga anayeamka usiku mara kwa mara hakuhesabiwa kuwa msumbufu, kwa kuwa alilala ubavuni mwa mamaye na kunyonya alipotaka. Mtoto wa namna hiyohiyo katika nyumba ya Marekani angekuwa tatizo la familia nzima. Naye Marten deVries, aliyepima hulka za watoto wachanga wa Kimaasai nchini Kenya wakati wa ukame wa miaka hiyo, aliporudi kuwaangalia alikuta kwamba waliofariki wengi ni waliokuwa watulivu, ilhali wengi wa waliokuwa wakilia sana walikuwa hai. Watoto aliowafuatilia walikuwa wachache, kwa hiyo haifai kulifanya jambo hilo kanuni, lakini kila mama anaelewa maana yake: anayelia ndiye anayenyonyeshwa. Nyumbani kwako pia, ingawa hakuna ukame, mtoto mwenye sauti ndiye anayepata sikio lako, na mpole hulipa gharama ya ukimya wake. Hilo tutalirudia, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo kosa linalofanyika katika nyumba nyingi zinazojiona zina malezi mema.

Hatua ya kwanza: mchunguze kila mtoto kabla ya kumhukumu

Chukua daftari la kawaida la shule, kila mtoto umpe kurasa zake, na kwa wiki mbili uandike mistari miwili au mitatu kila usiku. Usiandike sifa, kama vile "leo alikuwa mkorofi". Andika tukio, saa, waliokuwepo, na kilichotangulia. Katika kuandika, jibu maswali haya kwa kila mmoja. Je, anaona njaa na usingizi saa zilezile kila siku, au hana mpangilio? Akija mgeni anasogea au anajificha? Jambo likibadilika ghafla, anachukua muda gani kutulia? Akifurahi au kukasirika, sauti inafika kwa jirani au hasira inabaki usoni? Anakerwa na vitu vidogo kama lebo ya shati, kelele za spika au harufu ya dagaa? Akianza jambo hulimaliza, au huvutwa na kila kinachopita?

Baada ya wiki mbili mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ukorofi ina saa yake. Mtoto anayempiga mdogo wake kila ifikapo saa kumi na mbili jioni huenda ni mtoto aliyekula mara ya mwisho saa nne asubuhi, na kikombe cha uji anaporudi kutoka shule kitafanya kazi ambayo fimbo imeshindwa kuifanya. La pili ni kwamba kurasa za mtoto mmoja zitakuwa karibu tupu. Huyo ndiye mpole wako, na huko kukosekana kwake daftarini kunakueleza mengi.

Hatua ya pili: jitazame na wewe

Mama naye ana hulka. Mama mchangamfu anayependa watu humwona mtoto mkimya kama mwenye kiburi au mwenye kasoro. Mama mtaratibu humwona mtoto mwenye pirikapirika kama adhabu. Kwa upande mwingine, mtoto anayetushinda mara nyingi ni yule tuliyefanana naye, kwa kuwa wakaidi wawili wakikutana hakuna anayeshuka. Andika kwa kila mtoto jambo moja lake linalokuudhi zaidi, kisha ujiulize kama jambo hilo linamdhuru yeye au linakuchosha wewe tu. La kumdhuru lifanyie kazi. La kukuchosha litafutie nafasi, kwa mfano kumtoa uani akaruke kamba wakati unapika, badala ya kumdai utulivu ambao hana.

Hatua ya tatu: acha majina na mifananisho

Katika nyumba zetu mtoto hupewa jina la pili mapema sana: huyu mkorofi, huyu mzito, huyu domo zito, huyu mdeko. Kuna jingine ambalo ni la kwetu zaidi, nalo ni la somo. Mtoto aliyepewa jina la shangazi au bibi aliyejulikana kwa ukali, akibisha mara moja tu, utasikia ukumbi mzima unacheka kwamba "somo yake huyo, hakukosea". Watu wanasema kwa mapenzi na pengine hawana nia mbaya, lakini mtoto wa miaka sita anayeambiwa kila siku kwamba ukali ni urithi wake hana sababu ya kujitahidi kuuacha. Waombe ndugu, kwa adabu na faraghani, waache mzaha huo mbele yake.

Badala ya jina, taja kitendo. "Umemnyang'anya mwenzako kijiko" ni maneno ambayo mtoto anaweza kuyatii kwa kurudisha kijiko. "Wewe mbinafsi" hayana la kutii ndani yake. Hata sifa zina hatari hiyohiyo, maana ukimwita mmoja "ndiye mwenye akili", wengine wamesikia kwamba nafasi hiyo imeshajaa. Na kauli ya "mwone mwenzako" iache kabisa, kwa sababu haimfundishi anayesemwa, humfundisha tu kumchukia anayesifiwa.

Hatua ya nne: weka sheria chache za wote, kisha utafute njia ya kila mmoja

Sheria tatu hadi tano zinatosha. Kwa mfano: wakubwa wanaamkiwa, hakuna kumpiga wala kumtukana mtu, kazi ya shule kabla ya televisheni, kila mtu anatoa chombo alichokulia, anayetoka anaaga. Zitamke mbele ya wote kwa wakati mmoja, baba au mlezi mwingine akiwepo, ili asije mmoja akadai hakuambiwa.

Tuchukue sheria ya kuamkia, kwa sababu ndiyo inayowaaibisha akina mama wengi. Mgeni amefika, mtoto mkimya amejibana nyuma ya gauni lako, na wewe unasema kwa sauti inayopanda, "Msalimie shangazi! Huna adabu?" Kadiri sauti inavyopanda, ndivyo anavyozidi kubana, na mgeni anayesema "mwache tu" anakuongezea aibu. Sheria haibadiliki: shangazi ataamkiwa. Njia ndiyo ibadilike. Kabla mgeni hajafika, mwambie mtoto nani anakuja na atafanya nini, kisha mfanye mazoezi mkiwa wawili, wewe ukiwa mgeni. Mgeni akiingia, msalimie wewe kwanza, ukiwa umemshika mtoto mkono, umwache akae karibu nawe dakika tano au kumi azoee sauti na sura. Ndipo umnong'oneze, "Sasa twende tukamwamkie." Mwende wote wawili, atoe "shikamoo" yake hata kama ni ya sauti ndogo, ajibiwe "marahaba", basi, arudi alipokuwa. Usimsifie mbele ya watu kwa kelele, maana kutazamwa ndiko anakokuogopa. Mwambie usiku kwamba uliona. Baada ya wageni kadhaa utamwona anakwenda mwenyewe, akichelewa kidogo tu.

Kaka yake mchangamfu hana shida na sheria hiyo, ila ana shida na kinachofuata: ameamkia, ameketi katikati, na anasimulia mambo ya ndani ambayo hayakupaswa kutoka. Huyo mpe kazi. Alete maji, avute kigoda, apokee mkoba, kisha aelezwe kwamba mazungumzo ya wakubwa yameanza na nafasi yake sasa ni nje na wenzake. Na mkaidi, yule ambaye amri yoyote kwake ni mwaliko wa vita, mpe uchaguzi ulio ndani ya sheria: "Utamwamkia ukiwa hapa mlangoni au ukimletea maji?" Atachagua, na atahisi ameshinda.

Mtoto mwenye hisia kali na asiyependa mabadiliko anahitaji taarifa kabla ya jambo kubadilika. Kwa kuwa mtoto mdogo hajui dakika tano ni nini, mpe alama anayoiona au kuisikia: "Adhana ya magharibi ikilia unaingia ndani," au "Nikimaliza kuosha hivi vikombe tunazima simu." Kisha timiza ulilosema wakati huohuo. Ukiongeza muda mara moja kwa sababu amelia, umemfundisha kwamba kilio ni sehemu ya mazungumzo.

Hatua ya tano: panga siku kwa kufuata hulka, hasa asubuhi, mlo na kazi

Asubuhi, mwamshe kwanza mzito wa kuamka, robo saa kabla ya wenzake, umwache akae macho wazi bila kuulizwa kitu. Sare, soksi na madaftari yapangwe usiku. Mwenye pirikapirika aamke mwisho, kwa sababu akiamka mapema atakuwa amevaa, amevua na amepoteza kiatu kimoja kabla wengine hawajaoga.

Katika mlo, sinia moja ni jambo zuri linalofundisha kushirikiana, lakini watoto wenye kasi tofauti wakila sinia moja, anayekula taratibu hubaki na wali mtupu baada ya mboga kwisha, na kwa kuwa ni mpole hatasema. Gawa mboga na kitoweo mapema, au umpakulie wa polepole sahani yake. Kisha mtoto akisusa chakula kwa hasira, usimbembeleze mbele ya wenzake na wala usimnyime. Funika sahani, mwambie ipo, uendelee na mambo yako.

Kazi za nyumbani ndizo zinazofichua upendeleo ambao mama mwenyewe haujui. Mama akiwa amechoka humtuma mtoto asiyebisha. Anamtuma dukani, anamrudisha kuchukua chenji, anamwambia aoshe vyombo, ambebe mdogo, aanue nguo, ilhali mbishi ameachwa kwa sababu kumtuma kunachosha kuliko kuifanya kazi mwenyewe. Kwa mwaka mzima mpole amelipa kodi ya upole wake, na mbishi ameona faida ya ubishi. Hali huwa nzito zaidi mpole akiwa msichana, hasa kifungua mimba. Dawa yake ni karatasi ukutani. Orodhesha kazi zote, gawa kwa umri bila kuangalia nani wa kike nani wa kiume, na kila wiki zizunguke. Mbishi akibisha, mwelekeze kwenye karatasi, usijadili. Kazi isipofanywa, isifanywe na mwingine. Kama zamu ya kuteka maji ya kuogea ni yake, maji yamsubiri yeye, na mchezo wake usubiri maji.

Ndani ya mpango huo kuna nafasi ya hulka, kwa kazi chache zisizozunguka kila wiki. Mwenye pirikapirika apewe kazi za kutembea na kubeba, mtaratibu apewe kuchambua mchele na kukunja nguo, lakini mara moja kwa mwezi kila mmoja ajaribu kazi ya mwenzake, asije mmoja akakua hajui kufagia.

Hatua ya sita: kuamua ugomvi

Swali la "nani kaanza?" humpa ushindi mwenye ulimi. Mchangamfu atakuwa ameshaeleza tukio lote, na ushahidi, kabla mkimya hajapata neno la kwanza. Watenganishe, kila mmoja atulie, kisha umsikilize mkimya mbali na mwenzake, mikono yenu ikiwa na kazi, kwa mfano mkimenya vitunguu saumu. Mtoto wa namna hii husema akiwa hatazamwi usoni. Ukishasikia pande zote, usitafute mwenye hatia kila mara. Mara nyingi inatosha kuuliza nini kifanyike ili kitu walichogombea kitumike na wote.

Hatua ya saba: kumrudi mtoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inataka kumrudi mtoto kuwe kwa kiasi, kukilingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili, na haikubali adhabu kwa mtoto ambaye hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Kwa mama mwenye watoto wa hulka tofauti, hilo lina maana ya vitendo. Mtoto mwepesi wa kuumia moyo, ukimtazama tu kwa sura iliyobadilika ameshaadhibiwa. Ukimwongezea kelele, atakumbuka kelele na kusahau kosa. Mwenye pirikapirika anahitaji matokeo yaliyo karibu na kosa, kwa sababu kunyimwa kitu Jumamosi kwa kosa la Jumatatu hakumfikii. Mkaidi anahitaji maneno machache yasiyobadilika. Viboko, kwa maoni yangu, humvunja wa kwanza, humzoeza wa pili, na humpa wa tatu vita aliyoitaka.

Watoto watalalamika: "Mbona mimi nilinyang'anywa mpira na yeye kaambiwa tu?" Usikasirike, ni swali la haki. Jibu liwe fupi: "Sheria ni moja. Yeye akiambiwa anaacha. Wewe ukiambiwa na ukaacha, na mpira utabaki nao." Kisha uitimize ahadi hiyo siku ya kwanza tu atakapoacha kwa kuambiwa.

Hatua ya nane: kila mtoto apate mama yake peke yake

Dakika kumi zinatosha, zikiwa za uhakika. Nenda na mmoja sokoni, zamu kwa zamu. Binti anayesukwa nywele na mamaye hupata saa nzima ya mazungumzo bila mtu kuipanga, ilhali mvulana hupelekwa kwa kinyozi na kulipiwa; basi naye atafutiwe shughuli ya namna hiyo. Katika muda huo usikumbushe makosa wala masomo. Mpole aanze kupewa zamu yake kabla ya wengine, kwa kuwa hatakuja kuidai.

Hatua ya tisa: waeleze walezi wengine

Baba, bibi, dada wa kazi, mwalimu wa shule na wa madrasa au wa shule ya Jumapili, wote wanalea. Dada apewe sheria zilezile za ukutani na mamlaka ya kuzisimamia. Mwalimu mwambie sentensi mbili mwanzo wa muhula, kama vile: "Mwanangu haongei mpaka azoee, tafadhali usimwite ubaoni wiki ya kwanza." Bibi mwachie nafasi yake ya kudekeza, ila asidekeze mmoja tu, zawadi ikija, ije kwa wote.

Hatua ya kumi: jua lini si suala la hulka

Ukimya, ukaidi na pirikapirika zina mipaka yake. Mpeleke mtoto kliniki kama akifika miezi 12 hageuki akiitwa jina lake, kama kwenye miezi 18 haonyeshi vitu kwa kidole wala hana maneno, au kama katika umri wowote amepoteza maneno au ujuzi aliokuwa nao. Mtoto anayeonekana mkaidi huenda hasikii vizuri, kwa hiyo omba apimwe masikio kabla ya jambo lingine. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa ghafla mnyamavu, anakojoa kitandani tena, au anamwogopa mtu fulani na kukataa kubaki naye, asichukuliwe kuwa amebadilika tabia tu. Huenda ametendewa ubaya. Muulize kwa utulivu na faraghani, usimwache peke yake na mtu huyo, na upige simu namba 116, ambayo ni ya bure kwa msaada wa watoto Tanzania na Kenya. Na kwenye kliniki ukijibiwa kwamba "atakua tu" huku mashaka yako yakibaki, uliza apimwe tena lini na omba barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa watoto.